Usome, uhifadhi, ushike dondoo au uinuke hivi hivi? Njia nne za kusema mbele ya watu ukitaka kuwakinaisha

Kijana mmoja wa jirani yangu hapa Wete alinijia baada ya sala ya Isha, mkononi ana karatasi tatu zilizojaa maandishi mbele na nyuma. Kamati ya skuli ilikuwa imemchagua asimame kwenye mkutano wa wazee wa wanafunzi, awaombe wachangie kutengeneza vyoo vya watoto wa kike. Alikuwa na siku nne. "Maalim," akaniuliza, "hii niisome au niihifadhi?"

Nikamwambia akae kwanza, kwa sababu swali lake lina majibu manne, si mawili, na kila jibu lina mahali pake. Nimesomesha miaka mingi, na nimekaa kwenye vikao vya shehia, vya harusi, vya misiba na vya vikundi visivyohesabika. Watu wetu hawana upungufu wa maneno. Mtu wa Pemba akikaa barazani na wenzake baada ya Laasiri husema hata ukatamani jua lisizame. Mtu yule yule mpe kipaza sauti, anakuwa mwengine. Sauti inapanda, Kiswahili kinageuka cha ofisini, macho yanaganda kwenye karatasi. Ufasaha wake haukwenda popote. Amechukua njia isiyolingana na siku ile, basi.

Njia zenyewe ni hizi: kusoma neno kwa neno, kuhifadhi kwa moyo, kusema kwa dondoo, na kuinuka hivi hivi bila matayarisho. Nitazilinganisha, na sitazipa nafasi sawa, kwa sababu hazistahiki nafasi sawa.

Kipimo cha kuchagulia

Kabla hujachagua, jiulize: siku hiyo, kipi kikipotea kitaleta hasara kubwa zaidi, neno au uso?

Ziko hotuba ambazo neno moja likikaa vibaya mambo yameharibika: tarakimu ya fedha, jina la marehemu, sharti la makubaliano, ahadi ambayo watu watakuja kukudai. Hapo linda neno. Na ziko hotuba ambazo ukiacha kuwatazama watu kwa dakika mbili tu umeshawakosa, hata kama kila neno lilikuwa sahihi. Unawaomba watoe kitu chao, au wabadilishe msimamo, au wakuamini. Hapo linda uso. Hotuba nyingi za kuwakinaisha watu, kwa mizani yangu, ni za aina hii ya pili, na ndiyo maana naona uchungu nikiona tunazitendea kama za aina ya kwanza.

Kusoma neno kwa neno

Waziri anapowasilisha bajeti katika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, anasoma, na ni haki yake asome. Kila tarakimu anayoitaja itawekwa kwenye kumbukumbu na itatumiwa kumuuliza. Hali kadhalika maazimio ya mkutano, tamko la jumuiya, wasia, na risala kwa mgeni rasmi pale kikundi kizima kimekubaliana maneno na msomaji hana ruhusa ya kuongeza lake. Mwenye woga mkubwa naye karatasi humsaidia, maana akitetemeka bado maneno yako pale.

Hasara yake unaijua. Msomaji anainamisha kichwa, sauti inaingia kifuani, na Kiswahili cha kuandikwa kinakuwa na sentensi ambazo pumzi haiwezi kuzibeba. Wasikilizaji wanaanza kuhesabu kurasa zilizobaki mkononi mwake.

Lakini tusiionee karatasi. Tarehe 19 Novemba 1863, katika makaburi ya askari kule Gettysburg, Marekani, msemaji mkuu wa siku ile, Edward Everett, alizungumza kiasi cha saa mbili kwa maneno aliyoyahifadhi. Akafuata Rais Abraham Lincoln, karatasi mkononi, maneno yasiyofika mia tatu, dakika mbili au tatu, akamaliza. Ulimwengu unaikumbuka ya Lincoln. Kwa hiyo karatasi si kosa, ila urefu na uandishi wake.

Ukiwa lazima usome, andika kwa ajili ya sikio. Winston Churchill wa Uingereza alikuwa akichapiwa hotuba zake kwa mistari mifupi iliyokatwa kama ya zaburi, na sisi wenye mashairi tunalielewa hilo haraka: kata mstari pale pumzi inapokatika, kama ukwapi na utao, yaani kipande cha mwanzo na cha mwisho cha mshororo. Tumia herufi kubwa, na uandike upande mmoja tu wa karatasi. Acha robo ya chini ya ukurasa tupu, usije ukazamisha kidevu kifuani. Na kila mwisho wa fungu, inua macho utazame mtu mmoja, mtu mwenye sura, wala si ukuta wa nyuma.

Simu naishauri iachwe. Kioo kinazima katikati ya sentensi, mtu anapiga, na kwa mbali wasikilizaji wanaona kama unasoma ujumbe wako binafsi.

Kuhifadhi kwa moyo

Sisi ni watu wa kuhifadhi. Mtoto anaanza chuoni, chuo cha Kurani, hajajua kufunga viatu, na kabla hajamaliza skuli ya msingi tayari ana sura nyingi kifuani. Kwa hiyo mtu wa Visiwani akiambiwa atasema mbele ya watu, jambo la kwanza linalomjia ni kuhifadhi. Anasahau tofauti moja kubwa: alichohifadhi chuoni alikirudia kwa miaka, mwalimu yuko pembeni anamsahihisha, na anaendelea kukirudia katika sala. Hotuba yake ameihifadhi kwa siku tatu, peke yake, usiku.

Nilijifunza hili nikiwa mwalimu kijana. Nilikwenda kwenye kijiji kimoja cha kaskazini kuwaomba wazee wawaache mabinti zao waendelee na sekondari. Nilikuwa na hotuba ya dakika kumi na mbili, nimeihifadhi yote, na niliamini ni nzuri. Nilifika katikati, wazee wananisikiliza, mmoja amevua kofia ameiweka gotini. Adhana ya Laasiri ikapigwa.

Nikanyamaza, kama wote walivyonyamaza. Muadhini alipomaliza, nikafungua mdomo, hamna kitu. Sikujua nilikuwa wapi. Maneno yangu yalikuwa yamefungana kama mnyororo, na pete moja ilipokatika sikuwa na pengine pa kushika. Nikarudi mwanzo kabisa, nikaanza na salamu kwa mara ya pili, kwa sababu mlango pekee niliokuwa nao ulikuwa ule. Wazee wale walikuwa watu wa adabu, walinivumilia. Lakini waliona wazi kwamba ninashughulika na maneno yangu, siyo na watoto wao. Hakuna aliyeuliza swali. Wakaenda kusali. Naumia mpaka leo nikiikumbuka siku ile, kwa ajili ya wale mabinti.

Churchill huyo huyo yalimkuta ya namna hiyo. Tarehe 22 Aprili 1904, bado mbunge kijana, alisimama katika Bunge la Uingereza na hotuba aliyoihifadhi, kumbukumbu ikamkatika kabla ya kumaliza, ikabidi akae. Tangu hapo akawa hasimami bila ya karatasi zake mkononi.

Je, kuhifadhi kusitumike kabisa? Kutumike kwa vipande. Hifadhi sentensi ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo moyo unapodunda zaidi na akili haipatikani. Hifadhi sentensi ya mwisho, ujue pa kutulia. Na ukitaja aya, hadithi au ubeti wa shairi, uwe umeuhifadhi barabara au uusome kutoka kwenye karatasi. Ukikosea aya mbele ya watu wanaoijua, watakusahihisha, na baada ya hapo hakuna watakachokusikiliza.

Ipo pia njia ya wahenga wa Kigiriki na Kirumi ya kuhifadhi mpangilio badala ya maneno: unazipita akilini sehemu za nyumba unayoijua, na kila sehemu umeweka jambo moja. Barazani salamu, ukumbini tatizo, uani ushahidi, jikoni ombi. Ijaribu. Utaona inakusogeza karibu na njia ninayoipenda mie, nayo nitaifikia.

Kuinuka hivi hivi

"Tunamuomba na mzee wetu aseme maneno mawili matatu." Nani kati yetu hajatendewa hivi, arusini au matangani? Hapa hukuchagua, umechaguliwa. Na hatari yake si kukosa la kusema. Hatari ni kukosa pa kuishia. Msemaji anazunguka kama ndege aliyeingia ndani ya nyumba, madirisha yote yako wazi na haoni hata moja.

Ukipewa nafasi hiyo, shika mambo matatu katika ile nusu dakika ya kuinuka na kupiga hatua: jambo gani moja, kwa nini, na unataka watu wafanye nini. Liseme hilo, uombe dua, ukae. Mtu aliyesema dakika mbili bila kutarajiwa huheshimiwa kuliko aliyesema ishirini.

Wengine huichagua njia hii kwa hiari, kwa kudhani kwamba maneno ya moyoni hayataki maandalizi. Huwa wanamtolea mfano Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi kule Marekani. Ni kweli kwamba tarehe 28 Agosti 1963, mjini Washington, alikuwa na hotuba iliyoandikwa mbele yake, na kuelekea mwishoni aliiacha karatasi, baada ya mwimbaji Mahalia Jackson kumpigia kelele kwa nyuma awaambie watu ile ndoto yake ya usawa. Sehemu ile ndiyo dunia inayoikumbuka. Lakini ndoto ile hakuibuni pale. Alikuwa ameshaisema katika hotuba nyengine kabla, mojawapo Detroit mwezi Juni mwaka ule ule. Mtu anayezungumza vizuri bila ya karatasi huwa ameshazungumza jambo lile mara nyingi, na wewe unaisikia mara ya kumi ukadhani ni ya kwanza.

Kusema kwa dondoo

Hii ndiyo njia ambayo kwa mikutano mingi ya Unguja na Pemba ningemwekea mtu mkononi. Unajua unakwenda wapi, unajua vituo vya njiani, lakini maneno unayapata pale pale, kwa kuwatazama watu wanaokusikiliza.

Niliiona kwa ukamilifu wake kwenye mkutano mmoja katika pwani ya Micheweni. Vikundi vya wakulima wa mwani viliitwa vieleze shida zao kwa wageni waliotoka mjini. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na mpaka leo wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Wanaijua kazi yao kuliko mgeni yeyote. Katibu wa kikundi cha kwanza akasoma risala. Nakumbuka mtindo wake, kwa sababu ni mtindo wetu sote:

"Ndugu mgeni rasmi, kikundi chetu kinakabiliwa na changamoto mbalimbali ikiwemo ukosefu wa miundombinu ya kukaushia mwani, hali inayopelekea kushuka kwa ubora wa zao na hivyo kuathiri kipato cha wanachama. Hivyo basi, tunaiomba ofisi yako itusaidie vifaa ili kuboresha uzalishaji."

Kila neno ni kweli. Mgeni rasmi aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu, akatazama saa.

Kikundi cha pili kikamtoa bibi mmoja wa makamo. Alikuwa na kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nne, na mfuko wa plastiki. Akatoa salamu, akamwombea mgeni dua fupi, kisha akautia mkono mfukoni akatoa fumba la mwani mkavu. Akaenda nao mpaka kwenye meza.

"Mheshimiwa, naomba uushike. Huu tumeuanika juu ya mchanga, pengine hatuna. Ukung'ute kidogo." Mgeni akaukung'uta. Mchanga ukamwagika juu ya kile kitambaa cheupe cha meza, ukasikika. "Mnunuzi naye anaukung'uta hivyo hivyo, na huo unaoanguka tunakatwa sisi. Sasa shika na huu. Huu wa mwenzetu, mwanawe kamjengea chanja. Ukung'ute." Hakikuanguka kitu. "Tunaomba miti na nyavu za chanja kumi. Kujenga tutajenga wenyewe, wiki ya maji mafu, tukiwa hatuendi pwani."

Akakaa. Wale wageni wakaanza kuupitisha ule mwani wenye mchanga mkono kwa mkono, mpaka ukafika mstari wa nyuma. Hakuna aliyetazama saa.

Tuyaweke maneno hayo mawili sambamba, maana somo zima limo humo. Risala ilisema "ukosefu wa miundombinu"; bibi alisema "pengine hatuna". Risala ilisema "kushuka kwa ubora". Bibi aliacha mchanga useme. Risala iliomba "vifaa", neno ambalo mgeni anaweza kulijibu kwa ahadi isiyo na ukubwa. Bibi aliomba chanja kumi, miti na nyavu, na akaonesha upande wao watatoa nini. Ombi la namna hiyo ni vigumu kulizunguka. Mgeni akikataa, atakuwa amekataa kitu kinachojulikana.

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Nabii Issa, alisema msemaji hukinaisha kwa mambo matatu: hulka yake mwenyewe, yaani watu wamwamini, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Bibi yule hakumsoma Aristotle, na yote matatu alikuwa nayo. Mikono yake iliyochanjwa na kamba ilimshuhudia kwamba anajua anachokisema. Mchanga juu ya kitambaa cheupe uliwagusa watu kabla hawajafikiri. Na hoja ilikuwa nyepesi kufuata: mchanga, tunakatwa, chanja, hatukatwi.

Baada ya mkutano nilimwomba nione kile kikaratasi. Kilikuwa na maneno matano yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, moja chini ya jengine: *salamu, mchanga, kukatwa, chanja, wenyewe.* Akaniambia, "Maalim, mie nikiandika zaidi ya hayo nitasoma, na nikisoma nitasahau ninachokijua."

Ukitafuta mfano wa ngazi ya taifa, mkumbuke Mwalimu Julius Nyerere alipowahutubia wazee wa Dar es Salaam Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yamevamia Kagera. Watu waliokuwa watoto wakati ule bado wanakutajia vigingi vitatu vya hotuba ile: uwezo, sababu, nia. Maneno matatu, hayo ndiyo yaliyoibeba hotuba, na hayo ndiyo watu waliyoondoka nayo. Dondoo nzuri hufanya kazi mara mbili. Inamwongoza msemaji, kisha inabaki kwa msikilizaji.

Namna ya kuzitengeneza watu wengi huikosea. Wanaandika dondoo mwanzo, kavu, bila ya kujua kilichomo ndani, halafu wakisimama wanakuta neno limebaki neno. Anza kwa kuandika hotuba nzima ukipenda, kurasa hata tano. Isome kwa sauti. Kisha ifunge, simama, isimulie kwa mtu wa nyumbani. Pale utakapokwama, andika neno moja. Rudia. Mara ya tatu utaona maneno yanabadilika kila mara na njia inabaki ile ile, na hapo ujue uko tayari. Usihangaike kwamba leo umesema tofauti na jana.

Na njia hii ina kasoro zake, nisiifiche. Tarakimu hupotea: mtu anasema laki tatu badala ya milioni tatu, na mkutano mzima unaharibika. Kwa hiyo tarakimu zote, majina na tarehe ziandike kamili kwenye kikaratasi, na ukifika hapo zisome wazi wazi, hakuna aibu. Kasoro ya pili ni muda. Ukiwaona watu wanakupenda, unaongeza. Jipime kwa saa nyumbani, na ujue kwamba mbele ya watu utazidisha. Kasoro ya tatu haina dawa: kama jambo hulijui, dondoo hazitakuokoa. Soma karatasi, au mpishe anayelijua.

Yanayogeuza uchaguzi

Mahali. Uwanjani kwenye spika mbili zinazopishana, sauti inarudi na kukugonga. Sentensi ziwe fupi na usubiri kidogo kila baada ya moja. Hapo hata msomaji wa karatasi anaweza kusikika vizuri kuliko msema kwa dondoo mwenye haraka. Barazani kwa watu kumi, usisimame kabisa. Kaa, zungumza, na karatasi iache mfukoni.

Wasikilizaji. Wazee wa kijiji wanataka kwanza kujua wewe mtoto wa nani na kilichokuleta. Usiwarukie na hoja. Vijana wa skuli wanataka kisa mapema, la sivyo wameondoka na wewe bado uko kwenye salamu. Waliokwisha kukupinga moyoni usiwaanzie na ombi. Anza na jambo ambalo nyote mnakubaliana, hata likiwa dogo, na utaje kizuizi chao kwa heshima kabla wao hawajakitaja. Hili karatasi inaliweza vibaya, kwa sababu huwezi kujua usiku wa kuamkia mkutano nani atakaa mstari wa mbele na uso gani.

Na urefu. Wako wanaoona kwamba kusema kwa muda mrefu ni kuwaheshimu wasikilizaji. Ipo hadithi ya Mtume aliyoipokea Ammar bin Yasir, kwamba kurefusha sala na kufupisha khutba ni dalili ya ufahamu wa mtu. Kama khutba ya Ijumaa imewekewa adabu hiyo, hotuba ya kuomba michango itadai nini zaidi? Pia punguza kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja. Msalimu mwenyeji, msalimu sheha, wasalimu wote, ingia kwenye jambo. Dakika za mwanzo ndizo watu wamekupa masikio yao bure.

Unaweza pia kuchanganya, na mara nyengine ndiyo busara. Kikundi kikiwa na risala iliyokubaliwa, isomwe na mmoja, ukurasa mmoja, ikabidhiwe kwa mgeni iwe ushahidi. Kisha mwengine ainuke na dondoo awaoneshe watu kile ambacho risala imekitaja tu.

Kijana na karatasi zake tatu

Tulikaa mpaka karibu saa nne ya usiku. Nilimuuliza: neno au uso? Akafikiri, akasema uso, kwa sababu wale wazee anawaomba fedha zao na baadhi yao wana kinyongo kwamba mchango uliopita hawakuelezwa ulivyotumika. Basi tukaanza na kile kinyongo. Kwenye zile karatasi kilikuwa hakimo kabisa. Tukakiweka juu, kabla ya ombi: mchango uliopita ulikuwa kiasi gani, ulinunua nini, risiti ziko kwa nani. Hesabu zile aliziandika kamili, kwa herufi na kwa tarakimu. Mengine yote yakawa maneno sita. Sentensi ya kwanza akaihifadhi, akanisomea mara tatu akiwa amesimama pale mlangoni, viatu vimeshavaliwa.

Siku ya mkutano nilikaa nyuma. Alianza vizuri, akasoma hesabu polepole, na mzee mmoja aliyekuja na uso uliokunjwa akaomba kuziona risiti. Akapewa, akazipekua, akazirudisha bila ya neno. Kijana akaingia kwenye habari ya watoto wa kike wanaokwenda kuomba choo nyumba za jirani, na wengine wanaobaki nyumbani siku zao zikifika. Kinamama wakawa kimya kabisa.

Muadhini wa msikiti wa karibu akaanza adhana ya Laasiri.

Moyo wangu ulishtuka kuliko wake. Yeye alinyamaza, akateremsha macho kwenye kikaratasi, akaweka kidole gumba juu ya neno moja na kukiacha pale mpaka adhana ikaisha. Kisha akainua uso, akamtazama mama aliyekaa mbele na mtoto mapajani, na akaendelea kutoka pale pale alipoacha: "Na maji, wazee wangu. Nilikuwa nasema, choo hata kikijengwa, bila ya maji..."